Uyoga wa miguu mirefu na kofia ndogo: shida ni mbegu au chumba?

*Swali: Sisi ni kikundi cha akina mama hapa Chamwino, Dodoma. Mwezi wa sita tulinunua mbegu za uyoga mamama kutoka Morogoro, tukaotesha kwenye mifuko ya mabua ya mtama, tukavuna vizuri sana. Kwa kuwa mbegu ni ghali, tangu hapo tunachukua nafaka zilizoota utando kutoka chupa moja na kuambukiza chupa nyingine tulizochemsha wenyewe. Sasa ni mara ya tano. Mwezi wa kumi utando ulijaa kwenye mifuko, lakini uyoga ukatoka na miguu mirefu na vikofia kama vifungo vya shati. Mwingine ulikauka ukiwa mdogo. Jirani anasema mbegu imechoka, tuichanganye na ya aina nyingine kwenye mfuko mmoja ili ipate nguvu mpya. Mwingine anasema tusubiri mvua tuchukue mbegu kwa uyoga wa porini. Tufanye nini?*

Dada zangu, asanteni kwa kueleza hatua kwa hatua, maana sehemu kubwa ya jibu imo humo humo kwenye maelezo yenu. Mnahofia kwamba mbegu imechoka na inahitaji damu mpya. Niwatoe wasiwasi upande mmoja kwanza: miguu mirefu na kofia ndogo si dalili ya mbegu kuchoka. Ni dalili ya chumba kukosa hewa safi. Mbegu yenu huenda nayo ina kasoro zake, na nitazifikia, lakini mkibadilisha mbegu na kuacha chumba kilivyo, mtapata miguu mirefu ile ile kwa gharama kubwa zaidi.

Uyoga tunaoula ni tunda tu. Mwili wenyewe wa kuvu ni ule utando mweupe uliojaa kwenye mabua, nao unapumua: unavuta oksijeni na kutoa hewa ukaa. Porini, mamama huota ubavuni mwa gogo lililokufa. Kitumba, yaani uyoga mchanga, kinachoanzia ndani ya ufa wa gogo hukutana na hewa ukaa nyingi, na kwake hiyo ni ishara kwamba bado hakijatoka nje. Basi kinarefusha mguu na kuchelewesha kofia mpaka kifike penye hewa safi. Chumba chenu kikijaa hewa ukaa, kila kitumba kinaendelea kutafuta njia ya kutoka. Hewa ya nje ina takriban sehemu 420 za hewa ukaa katika kila sehemu milioni. Mamama unataka chumba kisizidi 1,000 au hapo karibu wakati wa kutoa. Chumba kilichofungwa usiku kucha na mifuko mingi ndani kinavuka kiwango hicho bila shida yoyote.

Ninavyoona, Oktoba upepo wa Dodoma ulivuma mkavu, mkaona unyevu unapotea, mkaziba madirisha. Mlikuwa na sababu ya maana. Ila mifuko ya katikati ya chumba ikakosa hewa na kutoa miguu mirefu, na ile iliyo karibu na mlango ikapigwa na upepo mkavu, vitumba vikakauka. Kaangalieni kama mpangilio ndio huo. Kuna na jaribio rahisi la siku chache: chukueni mifuko mitatu inayoanza kutoa vitumba vipya, ipelekeni kwenye kivuli kizito chenye hewa, mfano chini ya mwembe au nyuma ya nyumba, izungushieni gunia bichi bila kuigusa, mkinyunyizia gunia kila baada ya saa chache. Kofia zikitoka pana, chumba ndicho chenye kasoro.

Watu wengi huambiwa uyoga ni zao la giza, wakafunga chumba mwanzo hadi mwisho. Hilo si sahihi. Wakati utando unasambaa, giza halina madhara, lakini mnachohitaji hasa ni joto la kadiri na usafi. Vitumba vikishaanza, uyoga unahitaji mwanga wa kutosha mtu kusoma gazeti bila taa, saa kadhaa kwa siku. Ukikosa mwanga, kofia hupauka na miguu huzidi kurefuka.

Sasa mtaingizaje hewa bila kukausha chumba? Hapa ukavu wa Dodoma, ambao wote tunaulalamikia, unaweza kuwafanyia kazi. Maji yanapovukiza hupoza hewa, na hewa ikiwa kavu zaidi ndivyo inavyopoa zaidi. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 30 ikipita kwenye gunia lililolowa vizuri inaweza kushuka hadi nyuzi 22 au 24, huku ikiingia ndani ikiwa na unyevu. Fungueni matundu ya chini upande unakotoka upepo, kila moja kama upana wa tofali mbili, na matundu ya juu upande wa pili ili hewa yenye joto itokee huko. Kwenye matundu ya chini tundikeni magunia ya katani mawili mawili. Juu ya gunia wekeni dumu lililotobolewa kwa sindano lidondoshe maji taratibu, kwa sababu gunia likikauka saa sita mchana mnaingiza upepo wa jangwani ndani. Sakafu iwe na mchanga au kokoto kina cha sentimita 5 hadi 10, ilowe asubuhi na jioni. Usiku na alfajiri fungueni zaidi. Mchana punguzeni lakini msizibe kabisa. Lengo ni unyevu wa asilimia 80 hadi 90. Kipima unyevu na kipimajoto ni vitu viwili ninavyowasihi mnunue kabla ya kununua chupa nyingine yoyote ya mbegu. Matundu yawe na wavu mdogo wa kuzuia vijinzi wanaotaga kwenye mabua.

Msinyunyizie maji moja kwa moja juu ya kofia yakatuama. Maji yakikaa juu yake, bakteria huleta madoa ya njano na kahawia, na uyoga wa namna hiyo hauuziki. Onjeni pia maji yenu: ya kisima chenye chumvi yafaa kulowesha sakafu na magunia, lakini kwa kulowekea mabua tafuteni maji baridi yasiyo na chumvi.

Kama chumba ni cha bati tupu, wekeni dari ya matete au ezekeni nyasi juu ya bati. Na kama kuna tembe la zamani linalosimama bila kazi, lifikirieni kabla ya kujenga: kuta nene za udongo na paa la udongo hubadilika joto polepole sana. Kinachohitajika ni kutandika turubai chini ya paa ili vumbi lisianguke kwenye mifuko, kupaka kuta chokaa, na kuongeza matundu, maana tembe nyingi hazina hewa ya kutosha kwa uyoga.

Nije kwenye joto, kwa sababu hapa ndipo aina ya uyoga inapoingia. Jina mamama linabeba aina kadhaa za jenasi *Pleurotus*, na kila moja ina tabia yake. *Pleurotus ostreatus*, wa kijivu na mnene, ni wa nchi za baridi. Ujerumani ndiko ulikoanza kuoteshwa, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, watu wakitafuta chakula. Aina zake nyingi hutoa vitumba zikipigwa na baridi kwanza, na hufurahia nyuzi 12 hadi 20. *Pleurotus pulmonarius*, ambao wauzaji wengi huuita sajor-caju, una kofia nyembamba zaidi na unastahimili nyuzi 18 hadi 27. *Pleurotus djamor* wa waridi na *Pleurotus citrinopileatus* wa njano ni wa joto, hutoa vizuri kwenye nyuzi 20 hadi 30.

Linganisheni na hali ya hewa yetu. Usiku wa Juni na Julai Dodoma hushuka hadi nyuzi 13 au 14. Oktoba na Novemba mchana hupanda hadi 31 au zaidi. Kwa hiyo mavuno mazuri ya mwezi wa sita hayathibitishi kwamba mbegu ile inafaa mwaka mzima. Huenda ilikuwa aina ya baridi iliyokutana na msimu wake. Mpigieni aliyewauzia mumwulize jina kamili la aina na joto lake la kutoa. Asiyeweza kujibu maswali hayo mawili, tafuteni mwingine.

Ushauri wangu: Mei hadi Agosti otesheni wa kijivu, *pulmonarius* uwe nguzo yenu ya mwaka mzima, na kuanzia Oktoba hadi mvua zikolee, jaribuni mifuko michache ya waridi au ya njano. Nasema michache kwa sababu ina gharama zake. Wa waridi huharibika ndani ya siku moja au mbili baada ya kuchumwa na hupoteza rangi ukipikwa, na wa njano huvunjika kirahisi njiani. Mteja aliyezoea mamama wa kijivu anaweza kukataa. Tafuteni mnunuzi kwanza.

Sasa hoja ya jirani: kuchanganya aina mbili kwenye mfuko mmoja. Inasikika vizuri kwa sababu tunafikiria kuku au mbuzi, ambako dume la ukoo mwingine linaleta damu mpya. Kuvu haizaliani hivyo.

Chini ya kofia, kwenye yale mabapa, uyoga huzalisha mamilioni ya spora, yaani chembe ndogo sana za uzazi. Kila spora ina nusu moja tu ya vinasaba. Ikiota hutoa uzi mwembamba ambao kwa kawaida hauwezi kutoa uyoga mpaka ukutane na uzi wa spora nyingine inayolingana nao. Kulingana huko kunaamuliwa na jozi mbili za vinasaba, kama mlango wenye kufuli mbili: nyuzi mbili zinapaswa kutofautiana kwenye kufuli zote mbili ndipo mlango ufunguke. Spora za uyoga mmoja zikikutana zenyewe kwa zenyewe, uwezekano wa kufaulu ni robo tu. Zikikutana na spora za ukoo wa mbali, karibu zote hufaulu. Zikiungana, viini viwili huishi pamoja katika kila seli bila kuyeyukiana, na huungana kweli kweli ndani ya mabapa tu, wakati wa kutengeneza spora mpya.

Mbegu mliyonunua ilishapita hatua hiyo. Ni utando wenye jozi kamili, unaozidishwa kwa kukatwa na kukua, kama tunavyozidisha muhogo kwa pingili. Utando kamili ukikutana na utando kamili wa ukoo mwingine hauoani nao. Unautambua kuwa mgeni, seli zinazogusana hufa, na mara nyingi mtaona mstari mnene au wa manjano mahali ilipokutana. Aina zote mbili hutumia nguvu kwenye mpaka huo badala ya kula mabua. Ile ya haraka huteka mfuko, nyingine hubaki kona moja, na uyoga hutoka kwa nyakati tofauti na ukubwa tofauti. Hakuna nguvu mpya inayozaliwa.

Aina mpya hutengenezwa maabara: spora moja moja hutenganishwa, zinaoteshwa, zinaoanishwa, kisha kila mzao unapimwa kwenye mifuko. Wazao wengi huwa hafifu kuliko wazazi, ndiyo maana kazi hiyo huchukua miezi hata miaka. Msijaribu kuotesha kwa kukung'uta spora kwenye mabua.

Hata hivyo jirani yenu amegusa jambo la kweli: wingi wa nasaba ni kinga. Uyoga mweupe wa duka, *Agaricus bisporus*, ni funzo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Uholanzi ilitoa chotara aitwaye Horst U1, na aina nyingi nyeupe za biashara zinazooteshwa duniani leo ni kizazi chake au zinafanana naye mno. Ugonjwa unaomwangusha mmoja unaweza kuwaangusha wote. Kwa kikundi chenu, kinga hiyo inapatikana kwa kuwa na aina mbili au tatu za koo tofauti, kila moja kwenye mifuko yake, yenye lebo ya jina la aina, tarehe na kizazi cha mbegu. Moja ikizidiwa na joto, nyingine inabaki kuwapa mboga na fedha.

Je, mbegu yenu imechoka? Kwa mara ya tano, inawezekana. Kila mnapohamisha nafaka, mambo matatu yanaweza kupita nayo: bakteria wasioonekana kwa macho, virusi vya kuvu, na mabadiliko madogo ya vinasaba yanayojikusanya. Isitoshe, bila kujua mnachagua sehemu inayosambaa haraka kwenye nafaka, na hiyo si lazima iwe inayotoa uyoga vizuri. Dalili zake ni utando uliotapakaa kama pamba nyepesi usioshikamana, kusambaa polepole kuliko mwanzo, na mavuno kupungua hata chumba kikiwa sawa.

Kinachonitia mashaka zaidi ni hayo maneno "tulizochemsha wenyewe". Kuchemsha kwa sufuria ya kawaida hakuui bakteria wenye maganda magumu wanaoishi kwenye nafaka. Mtama wa mbegu hulowekwa kwa muda wa saa 12, huchemshwa dakika 15 hadi 20 uive bila kupasuka, huchujwa mpaka ukauke juu, huchanganywa na jasi kiasi cha asilimia 1 ya uzito, hujazwa theluthi mbili ya chupa na kuzibwa kwa pamba. Kisha hupikwa kwenye jiko la mvuke wa presha, nyuzi 121, kwa saa moja na nusu. Chupa nzuri hunukia uyoga mbichi. Ikinuka uchachu au nafaka zikiteleza, itupeni yote hata kama utando unaonekana mweupe. Kama hamna jiko la presha, nunueni mbegu; ni nafuu kuliko kupoteza mifuko mia.

Na hesabu yenyewe inaonyesha hakuna haja ya kufika kizazi cha tano. Chupa moja ya mbegu mama ya kilo moja, ikitumika kwa asilimia 10, inaambukiza chupa kumi. Hizo kumi zinaambukiza mia. Kila chupa, mkipanda kwa asilimia 4 hadi 5 ya uzito wa mabua yaliyolowa, inatosha kilo 20 hadi 25. Kwa hiyo hatua mbili tu zinawapa mbegu ya kutosha tani mbili au zaidi za mabua yaliyolowa. Nunueni mbegu mama moja safi kila msimu, mzidishe mara mbili, msimame hapo.

Ili msibaki mkibishana, fanyeni jaribio hili mara chumba kikisharekebishwa. Siku moja, mabua yale yale, pandeni mifuko 10 ya mbegu mpya na 10 ya mbegu yenu ya zamani, muichanganye rafuni, mpime kila mchumo. Kilo moja ya mabua makavu inapaswa kutoa nusu kilo hadi kilo moja ya uyoga mbichi kwa michumo mitatu. Mbegu mpya ikizidi kwa mbali, ya zamani itupeni. Zikifanana, mjue mmeokoa fedha.

Kuhusu uyoga wa porini, mnaousubiri mvua zikianza kwa kawaida ni ule wa kwenye vichuguu, *Termitomyces*. Huo hulimwa na mchwa ndani ya kichuguu, wakiulisha na kuutunza, na bila wao hautoi. Msipoteze mabua kwake. Wapo mamama wa porini wanaoota kwenye magogo, na watafiti wa Tanzania wamewahi kuotesha uyoga wa asili wa nchini, ukiwemo wa jenasi ya *Pleurotus*, kwenye mabaki ya mkonge. Ni hazina ya nasaba iliyozoea joto letu. Lakini kuutoa porini hadi kwenye chupa ni kazi ya maabara, na kuutambua ni kazi ya mtu aliyesomea. Uyoga wenye sumu kali huanza kuumiza saa 6 hadi 24 baada ya kuliwa, wakati ini limeshaanza kuharibika, na kuuchemsha hakuondoi sumu yake. Mtu akitapika au kuharisha baada ya kula uyoga wa porini, mpelekeni hospitali mara moja pamoja na mabaki ya uyoga, hata akionekana amepata nafuu.

Kidogo kuhusu mabua. Ya mtama na uwele ni mazuri. Yakateni sentimita 3 hadi 5, yaloweke usiku kucha, yapikeni kwa mvuke kwenye pipa kwa muda wa saa nne, na mkiyakamua mkononi yatoe matone machache tu. Yaliyoota ukungu shambani msiyatumie, wala maganda ya karanga zenye ukungu. Dodoma na Manyara tuliuguza na kuzika watu kwa sumukuvu mwaka 2016, na chumba cha chakula si mahali pa kubahatisha. Wakati utando unasambaa, acheni sentimita 5 kati ya mfuko na mfuko, kwa sababu ndani ya mfuko joto huzidi la chumba kwa nyuzi kadhaa. Likizidi 35 utando hudhoofika, likifika 40 hufa, na ukungu wa kijani huchukua nafasi.

Mwiteni afisa kilimo wa kata aje aone chumba ikiwa zaidi ya mfuko mmoja kati ya kumi una ukungu wa kijani au wa rangi ya chungwa, na mwombeni awaunganishe na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro, ikiwa jaribio litaonyesha mbegu ina kasoro. Na mmoja wenu akianza kukohoa, kubanwa kifua au kupata homa kila anapochuma, asivumilie: huenda ni spora, na zinaweza kuumiza mapafu. Aende kituo cha afya, na wote mvae barakoa na kuchuma kabla kofia hazijakunjuka bapa.

Mifuko iliyopo sasa msiitupe. Ng'oeni uyoga wote wa miguu mirefu hadi shinani, msiache vipande vioze. Fungueni hewa, tundikeni magunia, acheni mifuko ipumzike siku 7 hadi 10, kisha muone mchumo unaofuata unatoka na kofia za namna gani. Uyoga mliong'oa, ukiwa safi na hauna harufu mbaya, unalika. Miguu ni migumu kidogo, ikateni vipande vidogo na kuichemsha muda mrefu zaidi.